Mwanga wa kupima saratani ya matiti usije ukatupofusha

KILA ifikapo mwezi wa Oktoba, majumba makubwa jijini Nairobi na katika miji mingine hupambwa kwa taa za rangi ya waridi. Hotuba husomwa, fulana hugawanywa, matembezi hufanywa, na kina mama waliobahatika kuishi karibu na hema la upimaji huchunguzwa matiti bila malipo. Novemba ikiingia, taa huzimwa na hema hukunjwa. Mwanamke wa Lodwar, Kwale au Marsabit ambaye hakuwa na nauli mwezi wa Oktoba hana nauli mwezi wa Novemba pia.

Ndiposa ni rahisi kuvutiwa na habari za vifaa vidogo vinavyopima saratani ya matiti kwa kutumia mwanga. Baadhi vinatoshea kiganjani mithili ya tochi. Havitoi miale ya eksirei, havibani titi, havihitaji chumba maalumu wala umeme mwingi, na muuguzi wa zahanati anaweza kuvibeba mkobani hadi kijijini. Kwa nchi ambayo wagonjwa wengi hufika hospitalini maradhi yakiwa yameshaenea, ahadi hiyo ni tamu kama asali.

Hata hivyo, asali nayo huchovywa kwa uangalifu, kwani mzinga una nyuki. Kabla ya Wizara ya Afya au serikali yoyote ya kaunti kutia sahihi mkataba wa kununua vifaa vya aina hii kwa fedha za walipa ushuru, yapo maswali ambayo sharti yajibiwe. Maswali hayo yanahusu sayansi ya mwanga, rangi ya ngozi zetu, na zaidi ya yote, kile kinachomsubiri mwanamke baada ya kifaa kutoa ishara ya hatari.

Tuanze na ukubwa wa tatizo lenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), wanawake milioni 2.3 walipatikana na saratani ya matiti kote duniani mwaka 2022, na takriban 670,000 wakafariki. Kuhusu Kenya, makadirio ya shirika hilo ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya 6,799 na vifo 3,107.

Takwimu hizi zinastahili kutazamwa kwa jicho la pili. Duniani, kwa kila wagonjwa kumi wapya palikuwa na vifo visivyofika vitatu. Nchini Kenya, kwa kila wagonjwa kumi wapya palikuwa na vifo zaidi ya vinne. Ugonjwa ni ule ule, na dawa zinazoutibu zinajulikana. Kwa kiasi kikubwa, kinachotutenga na mataifa mengine ni wakati: wakati wa kugundua uvimbe na wakati wa kuanza tiba.

Ushahidi wa kanda yetu unathibitisha hayo. Utafiti uliofuatilia zaidi ya wanawake 2,000 wenye saratani ya matiti katika nchi za Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini ulibaini kwamba takriban nusu yao walikuwa wamefariki katika muda wa miaka mitatu. Watafiti hao walikadiria mwaka 2020 kwamba kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeepukika iwapo uvimbe ungegunduliwa mapema na tiba ikatolewa ipasavyo. Msomaji ayashike maneno hayo mawili, mapema na tiba. Tutayarejelea.

Katika mataifa tajiri, nyenzo kuu ya kugundua mapema ni mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi. Mwongozo wa Kenya wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018 nao unapendekeza mamogramu kwa wanawake kuanzia umri wa miaka 40. Kinaya ni kwamba mamogramu inatufaa kwa shida. Mashine yenyewe ni ghali na haihamishiki kwa urahisi. Inahitaji mtaalamu wa kuiendesha na daktari wa radiolojia wa kuisoma picha, na wataalamu hao wamejazana mijini.

Isitoshe, sehemu kubwa ya wagonjwa wetu hawajatimiza miaka 50. Matiti ya mwanamke mwenye umri mdogo aghalabu huwa na tishu zilizoshikamana, ambazo huonekana nyeupe katika picha ya eksirei. Uvimbe nao huonekana mweupe. Kuutafuta uvimbe humo ni sawa na kutafuta punje ya chumvi katika unga wa sima. Hapo ndipo picha ya mawimbi ya sauti, ultrasaundi, husaidia zaidi, lakini nayo inahitaji mkono uliofunzwa.

Taifa hili pia lina kovu la kununua mashine bila kuandaa watu. Mwaka 2015, serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, ikiwemo angalau hospitali mbili katika kila kaunti. Miongoni mwa vifaa hivyo zilikuwemo mashine za eksirei, ultrasaundi na mamogramu. Ada iliyotozwa kila kaunti ilianza kwa Sh95 milioni kwa mwaka, kisha ikapandishwa hadi Sh200 milioni. Huku kaunti zikikatwa fedha hizo, baadhi ya hospitali hazikuwa na umeme wa kutosha, vyumba vya kuwekea mashine wala wataalamu wa kuziendesha. Kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza mpango huo iliushutumu vikali katika ripoti yake ya mwaka 2020, ikiulinganisha na uhalifu uliogubikwa na usiri katika utoaji wa zabuni.

Anayeuza kifaa cha mwanga atasema, na kwa haki, kwamba chake si mzigo kama ule. Basi na tukitazame kinavyofanya kazi.

Mtoto yeyote aliyewahi kufunika tochi kwa kiganja gizani anaijua nusu ya sayansi hii. Kiganja hung'aa rangi nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hupenya nyama ilhali rangi nyingine hunyonywa au hurudishwa. Mwanga unaokaribia upeo wa macho yetu, na ule uliouvuka kidogo uitwao infraredi ya karibu, hupenya zaidi, hata sentimita kadhaa. Njiani humezwa hasa na damu, maji na mafuta.

Damu ndiyo ufunguo. Uvimbe wa saratani unapokua huhitaji chakula na hewa, hivyo hujiotesha mishipa mipya ya damu na kutumia oksijeni kwa pupa. Hemoglobini, ile kemikali inayobeba oksijeni katika damu, humeza mwanga kwa namna moja ikiwa na oksijeni na kwa namna nyingine ikiwa imeipoteza. Kwa kumulika titi kwa miale ya urefu tofauti na kupima kiasi kinachorudi, kifaa huweza kukadiria mahali ambapo damu imekusanyika na oksijeni imepungua. Hii ndiyo kanuni ya kile kibanio cha kidole ambacho Wakenya wengi walikifahamu wakati wa janga la Covid-19.

Si wazo geni. Mwaka 1929, daktari Max Cutler wa Marekani aliandika kuhusu kumulika matiti kwa taa ili kutambua uvimbe. Alitatizwa na joto la taa za wakati huo. Miaka ya 1970, daktari Charles Gros wa Strasbourg, Ufaransa, aliifufua mbinu hiyo, na katika mwongo uliofuata mashine za kumulika matiti zikaenea katika hospitali kadhaa za Ulaya na Marekani. Zilisifiwa kwa maneno yale yale tunayoyasikia leo: hazina madhara, haziumizi, ni rahisi.

Kisha zikapimwa kwa uzito. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali kadhaa nchini Uswidi na kuchapishwa mwaka 1990 uliweka mwanga na mamogramu katika mizani moja, na mwanga ukapwaya. Mbinu hiyo ikawekwa kando. Sababu yake haijabadilika hadi sasa. Mwanga unapoingia katika nyama hutawanyika kama taa za gari katika ukungu wa Limuru. Unaweza kujua kuwa kuna kitu mbele, lakini huwezi kukitambua vizuri. Mamogramu huweza kuonyesha chembe za chokaa zilizo ndogo kuliko milimita moja, ambazo wakati mwingine ndizo dalili ya kwanza ya saratani. Mwanga hauzioni.

Kilichobadilika ni ujuzi. Mwaka 1977, mwanasayansi Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kwamba miale ya infraredi ya karibu inaweza kupima oksijeni ndani ya mwili pasipo kuupasua. Tangu hapo zimekuja leza ndogo, vipokezi makini na kompyuta zenye uwezo wa kukokotoa jinsi mwanga ulivyotawanyika. Katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, kundi lililoongozwa na Bruce Tromberg liliunda kifaa cha kushikwa mkononi kinachopima damu, maji na mafuta ya titi. Katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Florida, Anuradha Godavarty na wenzake nao wameunda kifaa cha mkononi cha kupiga picha kwa infraredi.

Hata hivyo, si kila kitu kinachotoa mwanga ni cha tabaka moja, na hapa ndipo wanunuzi huweza kuhadaika. Kuna tochi za kawaida zenye mwanga mwekundu mkali, kama kile kifaa cha Breastlight kilichouzwa Uingereza ili wanawake wajitazame nyumbani. Kuna vile vya infraredi vinavyopima kemia ya titi, ambavyo hadi sasa vimetumika hasa katika utafiti. Kuna pia vinavyounganisha mwanga na sauti: leza humulika, damu hupata joto kidogo na kutanuka, kisha hutoa mawimbi ya sauti yanayonaswa na kifaa. Mfumo wa aina hiyo wa kampuni ya Seno Medical uliidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) mwezi wa Januari 2021. Lakini haukuidhinishwa kuwatafuta wagonjwa miongoni mwa wanawake wasio na dalili. Kazi yake ni kumsaidia daktari kuamua kuhusu uvimbe ambao tayari umeonekana.

Na kuna kamera za joto, ambazo hazimuliki chochote bali husoma joto linalotoka mwilini. Kampuni ya Niramai ya Bengaluru, India, imeziunganisha na akili unde ili kompyuta isome picha badala ya binadamu. Kuhusu kamera za joto kwa jumla, FDA imewaonya wanawake zaidi ya mara moja kwamba zisichukuliwe kuwa badala ya mamogramu. Onyo hilo halimaanishi kuwa utafiti usitishwe. Linamaanisha kwamba kifaa kisaidizi kisiuzwe kama hakimu.

Sasa tufike penye suala linalotuhusu sisi moja kwa moja, nalo ni ngozi. Melanini, ile rangi inayoipa ngozi yetu weusi wake, humeza mwanga. Huumeza mwanga mwekundu zaidi kuliko infraredi. Kwa hivyo kifaa kilichoundwa na kupimwa kwa wanawake weupe chaweza kusoma vibaya kinapowekwa juu ya ngozi ya mwanamke wa Turkana au Kisumu, hasa ikiwa kinategemea mwanga mwekundu unaoonekana.

Hili si jambo la kuwazia tu. Kile kibanio cha kidole kimetumika kwa miongo kadhaa duniani kote. Lakini mwezi wa Desemba 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kibanio hicho kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa wagonjwa weupe. Ilibidi FDA itoe mapendekezo mapya mwezi wa Januari 2025 ili watengenezaji wavipime vifaa hivyo kwa watu wa rangi mbalimbali za ngozi. Ikiwa kifaa kilichozoeleka kiasi hicho kilificha kasoro kwa muda wote huo, sembuse kifaa kipya kinachopenya ndani zaidi na kutafuta kitu kidogo zaidi?

Swali la pili ni la hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi anawapima wanawake 1,000 wasio na dalili yoyote, na miongoni mwao watano wana saratani. Tuseme kifaa chake ni kizuri: kinawatambua wagonjwa tisa kati ya kumi, na kinawaondolea shaka wazima tisa kati ya kumi. Katika wagonjwa watano, kitawanasa wanne au wote watano. Lakini miongoni mwa wazima 995, kitawatia hofu takriban 100. Hivyo muuguzi huyo atabaki na wanawake zaidi ya 100 wenye ishara ya hatari, ambao wachache mno ndio wagonjwa.

Je, hao 100 wataelekezwa wapi? Watahitaji ultrasaundi, na baadhi yao bayopsi, yaani kuchotwa kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kikachunguzwe katika maabara. Ikiwa hospitali ya kaunti ina mtaalamu mmoja wa ultrasaundi ambaye pia anawahudumia waja wazito wote, foleni itarefuka. Mgonjwa halisi atapotea katikati ya wazima. Wengine watalala usingizi wa mang'amung'amu kwa miezi, na baadhi watakimbilia kwa waganga wa kupiga ramli.

Na yule ambaye kifaa kimenyamaza naye ana hatari yake. Mwanamke aliyehisi donge kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaambiwa na mashine kwamba hana neno, atarejea nyumbani akiwa na amani ya uongo. Atakaporudi, donge litakuwa limefika kwapani.

Wapo watakaosema kwamba chochote ni bora kuliko kukosa. Hoja hiyo ina mashiko iwapo kweli hatuna kitu kingine. Lakini tuna mikono. Kuanzia mwaka 1998, Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, India, iliwafuatilia zaidi ya wanawake 151,000 kwa miaka 20. Nusu yao walichunguzwa matiti kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya wa kike waliofunzwa, ambao hawakuwa madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba saratani iligunduliwa ikiwa katika hatua za chini, na miongoni mwa wanawake wenye umri wa miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo, vifo havikupungua.

Kwa hivyo hata mkono uliofunzwa una kikomo, na hapo ndipo kifaa kizuri kingeweza kuziba pengo. Kipimo cha haki basi ni hiki: je, kifaa hiki kinashinda mkono uliofunzwa, na kwa gharama ipi? Utafiti uliofanyiwa wanawake zaidi ya 400 nchini Nigeria na kuchapishwa mwaka 2022 ulilinganisha mkono na kifaa cha kubebeka kiitwacho iBreastExam, ambacho hutumia mguso badala ya mwanga. Kifaa kilinasa uvimbe mwingi zaidi, lakini pia kilitoa ishara nyingi za uongo kuliko mkono. Huo ndio ukweli wa vifaa hivi: hutoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Ni wajibu wa nchi kujua kiasi kabla ya kulipa.

Hatuko mikono mitupu katika uwanja huu. Mwezi wa Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu, sukari na mengineyo. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianza kuwafunza wakunga kutumia mashine ndogo za ultrasaundi zinazounganishwa na simu, kwa ajili ya waja wazito. Hii ni mizizi mizuri. Mhudumu anayeujua mlango wa kila nyumba na mkunga anayejua kuisoma picha ya sauti ni hazina kubwa kuliko tochi elfu moja zisizo na wenyewe.

Sasa turejelee yale maneno mawili. WHO, katika mpango wake uliotolewa mwezi wa Februari 2023, imezitaka nchi zifikie malengo matatu: asilimia 60 ya saratani za matiti zigunduliwe zikiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike katika muda wa siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe tiba waliyopangiwa. Malengo hayo yakitimizwa, vifo milioni 2.5 vitaepukwa duniani kufikia mwaka 2040.

Kifaa cha mwanga, hata kikiwa kizuri namna gani, kinaligusa lengo la kwanza pekee. Hakiwezi kusema kwa uhakika kwamba uvimbe ni saratani. Hakiwezi kueleza ni saratani ya aina gani. Kazi hiyo ni ya mwanapatholojia na maabara yake, na wataalamu hao ni adimu nje ya miji mikubwa.

Mfano mmoja utatosha. Mwaka 2025, serikali iliafikiana na kampuni ya Roche kupunguza gharama ya dawa ya Herceptin kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000 kwa kila awamu, fedha hizo zikilipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini Herceptin huwafaa tu wagonjwa ambao uvimbe wao una wingi wa protini iitwayo HER2, na protini hiyo hugunduliwa kwa kupima kipande cha nyama katika maabara. Mwanamke ambaye bayopsi yake imekaa wiki nane ikisubiri kusomwa hafaidiki na punguzo hilo. Dawa ipo, fedha zipo, kinachokosekana ni jibu la maabara.

Kutokana na hayo, yafaa wizara na magavana wajifunge kwa masharti machache kabla ya kukubali kifaa chochote cha mwanga, hata kikiletwa kama msaada.

Kwanza, kiwe kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na usajili ueleze waziwazi kama ni cha kuwatafuta wagonjwa, kuwachuja wenye dalili au kumsaidia daktari. Haya ni mambo matatu tofauti. Pili, kiwe kimepimwa kwa wanawake wa hapa, wa rangi mbalimbali za ngozi, wa umri mbalimbali, wakiwemo wanaonyonyesha, na matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya. Tatu, kilinganishwe na mkono wa muuguzi aliyefunzwa, si na kutofanya lolote.

Nne, kusiwe na kifaa kijijini ambacho hakina njia iliyoandikwa ya rufaa: mwanamke akipata ishara ya hatari aende wapi, siku gani, kwa nauli ya nani, na jibu la maabara limfikie kwa siku ngapi. Tano, picha za matiti ya kina mama zilindwe. Nyingi ya mashine hizi huunganishwa na simu na kutuma picha kwa kompyuta zilizo nje ya nchi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipo. Mkataba usioeleza picha zinahifadhiwa wapi na nani anaruhusiwa kuzitumia kufunzia akili unde haupaswi kutiwa sahihi.

Masharti haya hayalengi kuwafungia mlango wabunifu. Ipo nafasi ambapo mwanga unaweza kutufaa upesi. Nafasi hiyo ni kuwachuja wanawake ambao tayari wamehisi donge, ili wale wenye dalili nzito watangulizwe katika foleni ya ultrasaundi. Nyingine ni kufuatilia kama dawa inaupunguza uvimbe, jambo ambalo watafiti wa Irvine na wenzao wamelishughulikia kwa miaka. Vyuo vikuu vyetu vina wahandisi na hospitali zetu za rufaa zina wagonjwa. Utafiti wa aina hiyo ukifanyiwa hapa, na fedha zake zikatengwa katika bajeti badala ya kusubiriwa kutoka ng'ambo, Kenya haitakuwa soko tu la vifaa vya wengine.

Wakati huo huo, mwanamke anayesoma makala haya asisubiri kifaa chochote. Akihisi donge jipya, ngozi ya titi ikikunjamana kama ganda la chungwa, chuchu ikiingia ndani au kutoa damu, aende katika kituo cha afya wiki hii. Aombe achunguzwe, na akiambiwa aondoke bila kupimwa, aulize ni lini na wapi atapimwa. Madonge mengi si saratani. Lakini lile lililo saratani halina subira.

Mume, kaka na mwana nao wana jukumu. Nauli ya kwenda hospitalini ni ndogo kuliko mchango wa mazishi, na mara nyingi hutoka mfuko ule ule.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tumeuona ufa wetu kwa miaka mingi bila kuhitaji tochi: hospitali zisizo na wataalamu, maabara zinazochelewesha majibu na wagonjwa wanaokosa nauli ya kurudi. Mwanga mpya utakuwa na faida siku utakapomwonyesha muuguzi wa Lodwar uvimbe mdogo, na muuguzi huyo akawa na mahali pa kumpeleka mgonjwa wake kabla ya siku 60 kwisha.